Kutoka Masaku hadi Machakos: Tahajia ya Kiingereza, Muundo wa Maneno na Asili Yake katika Historia ya Mafunzo ya Lugha

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza sehemu moja ya historia ya elimu ya lugha katika eneo la Machakos, Kenya: namna maneno ya Kiingereza, hususa tahajia na msamiati wake, yalivyofundishwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na jambo lililoachwa nje ya mafundisho hayo. Hoja tunayoitetea ni hii. Tahajia ya Kiingereza haifuati sauti peke yake. Inahifadhi pia muundo wa neno na asili yake. Mwanafunzi wa Machakos, ambaye aghalabu lugha yake ya mama ni Kikamba na lugha yake ya pili ni Kiswahili, huingia darasani akiwa na ujuzi wa mambo hayo yote mawili, ingawa hajui kuwa anao. Mafundisho aliyopewa hayakuutumia ujuzi huo ipasavyo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajishughulishe na tahajia ya Kiingereza. Jibu ni kwamba jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Nchini Kenya mtoto anayekosea tahajia ya Kiingereza huhesabiwa mara nyingi kuwa hana akili, na kosa lake husemwa kuwa limeletwa na lugha ya mama au na Kiswahili. Kwa hiyo lugha zetu hushtakiwa kila siku katika vyumba vya madarasa, na hukumu hutolewa bila ushahidi kuchunguzwa. Yafaa tuuchunguze.

2. Ushahidi wa jina la mji

Tuanze na jina la Machakos lenyewe, kwani ndani yake mna somo zima la tahajia. Wenyeji huuita mji huo Masaku, jina la mzee wa Kikamba aliyesifika kwa uaguzi. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki iliweka kituo chake hapo mwaka 1889, na mwaka 1892 John Ainsworth akaja kukisimamia. Kituo hicho kiliendelea kuwa makao ya utawala wa bara mpaka mwaka 1899, wakati makao yalipohamishiwa Nairobi, mahali reli ilipopita.

Katika maandishi ya Waingereza wa wakati huo jina hilo linaonekana mara kwa mara kama "Machako's". Herufi ya mwisho, pamoja na alama ya ritifaa iliyoitangulia, si sehemu ya jina la mzee. Ni kiambishi cha umilikaji cha Kiingereza, na maana yake ni "kwa Machako", yaani mahali pa mtu huyo. Ni muundo uleule ambao Mkamba na Mswahili huuweka mwanzoni anaposema "kwa fulani". Baadaye ritifaa iliondoka, kiambishi kikabaki, na leo hakuna anayehisi kwamba katika neno "Machakos" kuna mofimu mbili. Sauti ya s katika Masaku nayo imeandikwa ch, na irabu u imeandikwa o.

Jina la nchi yenyewe lina historia ya namna hiyo. Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, katika safari aliyopokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Jina alilolisikia lilikuwa la Kikamba, lugha isiyokuwa na sauti ya r, na kwa hiyo r inayosikika katika Kirinyaga ya Wakikuyu haimo. Tahajia ya "Kenya" tunayoiandika leo imehifadhi kosekano hilo la r. Aliye na habari ya asili ya jina huona katika herufi zake tano njia liliyopitia. Asiye nayo huona herufi tano za kukaririwa. Tofauti baina ya watu hao wawili ndiyo tofauti baina ya njia mbili za kufundisha tahajia.

3. Tahajia ya Kiingereza inahifadhi nini?

Kiswahili sanifu kilipata tahajia yake kwa makubaliano. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 vilituachia hati ambayo kwa kiasi kikubwa kila herufi ina sauti yake. Kikamba nacho, chenye irabu saba, kilipata herufi ĩ na ũ ili irabu zote zitofautishwe. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa hati hizi mbili huja kwenye Kiingereza akitarajia kwamba neno huandikwa kama linavyosikika. Akiandika "nait" kwa neno lenye maana ya usiku, hakukosa akili. Amefuata kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa.

Kiingereza hakikupata kukaa katika mkutano wa namna hiyo. Msingi wake ni lugha za Wajerumani waliohamia kisiwa cha Uingereza. Baada ya mwaka 1066 watawala wa Kinormani walileta maneno mengi ya Kifaransa. William Caxton alianza kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati irabu ndefu za lugha zilikuwa zikiendelea kubadilika matamshi. Kisha wanazuoni wakaingiza maneno ya Kilatini na Kiyunani kwa wingi. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 iliikuta hali hiyo na kuithibitisha. Herufi gh katika neno "night" ziliwahi kutamkwa. Sauti ilikufa, herufi zikabaki.

Lakini si kila kilichobaki ni masalio yasiyokuwa na kazi. Tutazame kiambishi cha wakati uliopita. Katika "asked" husikika t, katika "called" husikika d, na katika "wanted" husikika silabi nzima; hata hivyo maandishi ni ed katika yote matatu. Tahajia imeikataa sauti ili iilinde mofimu. Vivyo hivyo herufi g haisikiki katika "sign", lakini husikika katika "signal" na "signature". Mwenye kuifuta g kwa sababu haisikiki atakuwa amelitenga neno hilo na jamaa zake.

Wanaisimu walilieleza jambo hili waziwazi katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1966 Paul Hanna na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maneno zaidi ya 17,000 kwa kutumia kompyuta. Kompyuta iliyopewa kanuni za sauti na herufi tu iliweza kuandika sawasawa karibu nusu ya maneno hayo. Noam Chomsky na Morris Halle mwaka 1968, na Richard Venezky mwaka 1970, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana kuwa fujo katika tahajia ya Kiingereza kina utaratibu, mradi mchunguzi azingatie mofimu wala asitazame sauti pekee.

4. Mafundisho ya Kiingereza Machakos

Kusoma kwa hati za Kirumi kuliingia Ukambani kwa njia ya dini. Krapf alichapisha tafsiri ya Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, na mwaka huohuo akatoa orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba na Kiswahili zikiwamo. Kwa hiyo katika kitabu kimoja cha mwanzo kabisa lugha hizi mbili ziliwekwa bega kwa bega na Kiingereza. Ulinganisho huo ulifanywa kwa faida ya mgeni aliyetaka kujifunza lugha za wenyeji. Mwenyeji aliyetaka kujifunza lugha ya mgeni hakufanyiwa kazi kama hiyo kwa muda mrefu. Ni jambo la kutajwa kwamba John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, alitoa msamiati wake wa Kiingereza na Kikamba mwaka 1959, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Serikali ilifungua shule yake Machakos mwaka 1915, mojawapo ya shule za kwanza za serikali kwa Waafrika nchini. Katika zama hizo elimu ya Mwafrika ilielekezwa zaidi kwenye kazi za mikono, na Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Kenya mwaka 1924, ilisisitiza lugha za wenyeji katika madarasa ya chini na Kiingereza baadaye. Kiingereza kilikuwa haba, na kilichokuwa haba kilitamaniwa. Aliyekijua aliweza kuwa karani, mkalimani au mwalimu.

Hapa kuna jambo ambalo wanahistoria wa elimu yetu hawakulitilia mkazo wa kutosha. Waingereza waliosoma katika shule za sekondari za kitaaluma kwao walisoma pia Kilatini. Hadi mwaka 1960 Kilatini kilikuwa sharti la kuingia katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Mtoto wa Kiingereza aliyejua kwamba mzizi port una maana ya kubeba aliona mara moja uhusiano wa "import", "export", "transport" na "portable", wala hakuhitaji kukariri tahajia ya kila neno peke yake. Lugha ilipopelekwa makoloni, Kilatini kilibaki nyuma. Mwanafunzi wa Machakos alipewa maneno yaliyojengwa kwa mizizi hiyo, lakini hakuonyeshwa mizizi. Alipewa imla na orodha. Silaha yake ikawa kumbukumbu.

Vitabu vilivyofuata vilikuwa na ubora wake, lakini havikuliziba pengo hilo. Orodha ya Michael West ya mwaka 1953 ilichagua maneno ya msingi yapatayo 2,000 kwa kuzingatia mara ngapi hutumika. Mwaka 1957 kilianzishwa Kituo Maalumu huko Nairobi, na kikaanza kujaribu, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia, mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mpango huo ulienea upesi katika shule nyingine, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Mkazo ulikuwa katika mazungumzo na ruwaza za sentensi. Neno lilichukuliwa kama tofali zima. Ndani yake hapakutazamwa.

Wakati huohuo lugha za mama zilifukuzwa katika viwanja vya shule. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa fikra jinsi wanafunzi walivyoadhibiwa kwa kunena lugha yao. Kiswahili hakikutahiniwa katika mtihani wa mwisho wa shule za msingi mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo kadhaa mwanafunzi alifundishwa kuiona lugha yake kuwa kizuizi cha Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza hakuwa na sababu ya kumuuliza mwenzake wa Kiswahili anafundisha nini.

5. Akiba ya mwanafunzi

5.1 Muundo

Lugha za Kibantu ni lugha za viambishi. Mtoto wa Kikamba anajua kwamba kũmanya ni kujua, kũmanyĩsya ni kumfanya mtu ajue, yaani kufundisha, na mũmanyĩsya ni mwalimu. Katika Kiswahili anajua soma, somo, msomi, kisomo, someka na somesha. Hakuna aliyemfundisha kwamba som- ni mzizi, lakini anautumia kila siku bila kukosea. Mtoto kama huyo hahitaji maelezo marefu ili aone kwamba struct, yenye maana ya kujenga, ni mzizi katika "structure", "construct", "instruct" na "destruction". Kinachomfaa ni kuambiwa kwamba Kiingereza nacho, katika sehemu hii ya msamiati wake, hufanya kazi kama lugha yake.

Hata mabadiliko yanayotokea kwenye viungio vya mofimu si mageni kwake. Wingi wa ubao ni mbao, na wingi wa ulimi ni ndimi: nazali hujigeuza au huigeuza konsonanti inayoifuata. Kiambishi kanushi in- cha Kilatini kina tabia iliyo karibu na hiyo. Mbele ya p huwa m, ndipo tukapata "impossible". Mbele ya l huwa l, "illegal". Mbele ya r huwa r, "irregular". Mwanafunzi aliyeelezwa hivi hatauliza tena kama "illegal" ina l moja au mbili. L ya kwanza ni ya kiambishi, ya pili ni ya mzizi, na kila moja ina mwenyewe. Kwa hoja hiyohiyo "disappoint" ina s moja kwa kuwa mzizi unaanza na a, na "dissatisfied" ina s mbili kwa kuwa mzizi una s yake. Makosa ya maneno haya ni ya kawaida sana katika insha, na hayaondoki kwa kuandikishwa neno mara 20. Huondoka mwandishi anapojua mshono uko wapi.

5.2 Asili

Akiba ya pili imo katika msamiati wa Kiswahili. Maneno mengi tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yalikuwa yamekwisha kusafiri kutoka Kiyunani au Kilatini, na ndugu zake yamo katika Kiingereza. Askofu na "bishop" ni neno moja: yote mawili yametoka katika episkopos ya Kiyunani, yenye maana ya mwangalizi. Mzizi huo wa kuangalia ndio uliomo katika "telescope" na "microscope". Karatasi ni ndugu ya "card", "chart" na "charter". Kandili ni ndugu ya "candle", na pia ya "chandelier", iliyopitia Ufaransa na kurudi na ch. Sifuri iliingia Kiingereza kutoka Kiarabu kwa njia mbili, ikawa "zero" na "cipher".

Ulinganisho huu unazaa kanuni zinazosaidia tahajia. Mwanafunzi hutatizwa na chaguo baina ya f na ph. Atazame Kiswahili: falsafa, fizikia, fonimu, jiografia, fosforasi. Haya yote yana asili ya Kiyunani, na Kiingereza huyaandika kwa ph. Kwa upande mwingine fomu na faini yamefika kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, na Kiingereza huyaandika kwa f. Hali ni hiyo kwa k yetu inayolingana na ch ya Kiingereza: Kristo, kemia, kwaya, teknolojia. Nayo saikolojia humkumbusha mwanafunzi kwamba ana jamaa katika jiolojia na biolojia, na kwamba sehemu -lojia ni taaluma. Kinachobaki kujifunza ni p isiyosikika mwanzoni, ambayo ni muhuri wa Kiyunani.

6. Tahadhari

Hapana budi kuweka mipaka ya njia hii. Kwanza, makosa hayafanani. Mkamba anayechanganya l na r katika Kiingereza anahitaji mazoezi ya sikio na ulimi. Historia ya neno haitamsaidia sana. Pili, tahajia yenyewe ina uongo ndani yake. Herufi b katika "debt" ilirudishwa na wanazuoni waliotaka Kilatini kionekane, na s katika "island" iliingizwa kwa kulidhania neno hilo la Kijerumani kuwa la Kilatini. Mwalimu asiuambie umma wa wanafunzi kwamba kila herufi ina sababu njema.

Tatu, mfanano wa sauti si ushahidi wa undugu. Soma katika Kiyunani ni mwili, na ndiyo iliyomo katika "chromosome". Haina uhusiano wowote na kusoma kwetu. Etimolojia bila kamusi na bila kanuni za mabadiliko ya sauti hugeuka kuwa bahati nasibu. Nne, njia hii haiwafai watoto wa darasa la kwanza, ambao yafaa waimarishwe kwanza katika kusoma lugha ya mama. Ni ya madarasa ya juu ya msingi na ya sekondari, ambako maneno marefu yenye asili ya Kilatini na Kiyunani huanza kuwajia kwa wingi katika vitabu vya sayansi, jiografia na uraia.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza ni kwamba tahajia ya Kiingereza ni kumbukumbu ya muundo na asili, kama jina la Machakos linavyoshuhudia. La pili ni kwamba Kiingereza kililetwa Ukambani bila elimu iliyowasaidia wenyewe kuielewa kumbukumbu hiyo, na kwamba mabadiliko ya sera ya mwaka 1957, 1964 na 1985 hayakulirekebisha jambo hilo. La tatu ni kwamba Kikamba na Kiswahili, vilivyohesabiwa kuwa vizuizi, vina nyenzo zilizokosekana: kimoja kwa viambishi vyake, kingine kwa viambishi na kwa msamiati wake pia.

Hali ya sera siku hizi si mbaya. Katiba ya mwaka 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unatoa nafasi kwa lugha za wenyeji katika madarasa ya chini, na mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Lakini mtaala huwa hai mikononi mwa mwalimu. Vyuo vya ualimu bado hutayarisha walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili katika idara mbili, kwa istilahi mbili, kana kwamba mzizi na kiambishi ni vitu tofauti kila upande.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba wataalamu wa lugha za Kiafrika washiriki katika kutunga vitabu vya msamiati wa Kiingereza vya shule zetu, na kwamba orodha ya mizizi na viambishi vya Kiingereza itayarishwe pamoja na vielelezo vya Kiswahili na vya lugha ya mahali, kuanzia Kikamba. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wa shule moja wakae meza moja na kulinganisha daftari za wanafunzi walewale wanaowafundisha.